Bahasha nne za mzee mmoja: uchambuzi wa kisa cha kipimo cha utumbo kinacholetwa na posta

Droo yenyewe ni ile ya chini kwenye kabati la sebuleni, ambayo karibu kila nyumba inayo: chaja za simu zilizokufa, risiti, funguo ambazo hakuna anayejua mlango wake. Chini ya bili za umeme za miaka mitatu zilikuwamo bahasha mbili za NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, moja ya mwaka 2017, nyingine ya 2021. Ya kwanza ilikuwa na kadi ya karatasi ngumu yenye vidirisha sita, pamoja na vijiti vyembamba vya kadibodi. Ya pili ilikuwa na kichupa kimoja cha plastiki, hakizidi urefu wa kidole, kijiti chake kimeshikamana na kifuniko. Binti wa nyumba ile alizitandaza mezani mbele yangu, mwezi mmoja baada ya baba yake kukatwa kijinyama cha milimita 24 ndani ya utumbo mpana. Akasema: "Kaka, hebu tazama. Tulikuwa tumezikalia."

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika hospitali za Uingereza. Kazi yangu ni kukaa kati ya mgonjwa na daktari, kupitisha maneno, kisha kusahau niliyoyasikia. Hili sikulisahau. Kazi ilipokwisha familia walinialika chai, na wameniruhusu niliandike mradi nisitaje jina, mji wala hospitali. Mambo mawili matatu madogo nimeyageuza ili hata jirani asiwatambue.

Mzee alizaliwa pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1957. Amefanya kazi ya ghala Uingereza kwa zaidi ya miaka 20, na Kiingereza chake ni cha kazini: anajua kuuliza zamu, kuomba likizo na kubishana na msimamizi. Barua hasomi. Barua za nyumba ile husomwa na binti, ambaye anaishi nao pamoja na mwanawe wa miaka 15.

Kwa asiyejua, utaratibu wa England wa kupima saratani ya utumbo uko hivi. Ukishasajiliwa kwa daktari wa familia unaingia kwenye orodha bila kuomba. Mpango wa taifa ulianza mwaka 2006, na kwa miaka mingi uliwaita watu wa miaka 60 hadi 74, kila baada ya miaka miwili. Kuanzia 2021 umri wa kuanzia ulishushwa kidogo kidogo hadi 50. Scotland walianzia 50 tangu mwanzo, kwa hiyo mzee huyu angekuwa anaishi Glasgow angeanza kuitwa mapema zaidi. Inatangulia barua ya kukuarifu, kinafuata kifurushi chenyewe, na usipokirudisha inakuja barua ya kukukumbusha. Bahasha ya kurudishia imeshalipiwa. Huna miadi wala foleni, wala huvui nguo mbele ya mtu.

Kinachotafutwa ni damu isiyoonekana kwa macho. Vijinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana, hata vile ambavyo bado si saratani, huchubuka kinyesi kinapopita na kuacha damu kidogo mno, isiyobadilisha rangi ya chochote. Tena havitoi damu kila siku, na ndiyo maana kipimo hurudiwa kila miaka miwili badala ya kufanywa mara moja na kusahaulika. Vingi havigeuki saratani kabisa, na vile vinavyogeuka kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi. Muda huo mrefu ndio mtaji wa mpango mzima. Uingereza hupata wagonjwa wapya wa saratani ya utumbo zaidi ya 40,000 kila mwaka, na kwa kuua ni ya pili baada ya ile ya mapafu. Ikikamatwa katika hatua ya kwanza, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Ikikamatwa imeshasambaa mwilini, wanabaki kama 1 kati ya 10.

Sasa turudi kwenye droo.

Bahasha ya 2017 mzee aliifungua mwenyewe. Alikuwa ametimiza miaka 60, na kipimo cha wakati ule kilikuwa kile cha kadi: unachukua choo cha siku tatu tofauti, kila mara unapaka vidirisha viwili kwa kijiti, unafunika, na kadi inakaa nyumbani hadi sita zitimie. Picha zilijieleza bila Kiingereza. "Nikaona hawa wamekosea mtu," aliniambia. "Mimi siumwi. Nani kawaambia naumwa?"

Swali hilo nimelisikia kwa wazee wengi, na si la ujinga. Aliyekulia kwetu miaka ya sitini na sabini anajua vizuri kupeleka choo hospitali: ulikuwa ukiharisha au tumbo likikusokota, daktari anakuandikia, unatoka na kiberiti kitupu, unarudi nacho kesho yake kimefungwa kwenye kikaratasi na umekishika kwa mbali. Kila mtu njiani anajua umebeba nini. Choo hupeleka mgonjwa, na mgonjwa hujipeleka mwenyewe. Hapa mambo yamegeuka kabisa: serikali inamwandikia mzima, tena yenyewe ndiyo inayoomba. Kijikaratasi kilichokuwa ndani ya bahasha kinaeleza jinsi ya kupaka. Kwa mtu wa aina hii, kilichokosekana ni sentensi moja ya kumwambia kwamba ameandikiwa kwa sababu hana dalili yoyote, na kwamba mwenye dalili hapaswi kungoja bahasha bali aende kwa daktari. Huenda ilikuwamo. Ilikuwa kwa Kiingereza.

Ya 2019 haikufika. Walikuwa wamehama mwaka mmoja kabla, na kifurushi huenda kwenye anwani iliyoandikwa kwa daktari wa familia, si kwenye ile unayolipia kodi wala ile inayojulikana na benki. Hakuna zaidi la kusema juu ya bahasha hiyo, ila kwamba Juni ya mwaka huohuo England iliachana na kadi na kuingia kwenye kichupa. Kipimo kipya, FIT, hutumia kingamwili zinazotambua himoglobini (kile kinachoipa damu wekundu wake) ya binadamu tu, kwa hiyo nyama uliyokula jana haiwezi kukidanganya, na kinataka sampuli moja badala ya ya siku tatu. Katika majaribio ya England kabla ya mabadiliko hayo, waliorudisha vifurushi waliongezeka kwa pointi 7 hivi za asilimia. Watu hawakuwa wamepata ujasiri wa ghafla. Kazi ilipungua tu.

Anwani ilirekebishwa mapema mwaka 2021, na sababu yake haikuwa utumbo. Binti alikuwa akihangaikia barua ya chanjo ya UVIKO-19 ya baba yake, akagundua kwamba kwa daktari bado wanaonekana wanakaa nyumba ya zamani.

Hivyo bahasha ya tatu ikapata mlango. Na hapa ndipo kisa kinaponinyima usingizi, kwa sababu kila kitu kilikuwa sawa. Anwani sahihi, kichupa rahisi, na aliyeifungua ni mwanamke msomi anayefanya kazi ofisini, anayejua kabisa kilichomo ni nini. Alikuwa amemsikia Deborah James, yule mtangazaji wa BBC aliyegundulika na saratani ya utumbo mwaka 2016 na kutumia miaka yake iliyobaki hadi 2022 kuwahimiza Waingereza watazame vyoo vyao bila aibu. Alikuwa akimsikiliza redioni na kucheka. Kazini waliongea na wenzake juu ya kinyesi wakinywa kahawa.

"Kwa Kiingereza ningeweza kusema chochote," alisema. "Lakini baba? Nimwambie baba, chukua kijiti ukwangue..." Hakumaliza. Hata ile chai yetu aliipa kisogo alipokuwa akieleza.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake amwambie. Akasema mama angeuliza kwa nini anafungua barua za baba, ingawa mama anajua fika kwamba ndiye anayezifungua. Akairudisha ndani ya bahasha, akaitia droo juu ya ile ya 2017, akajiambia kwamba atampa kaka yake akija. Kaka alikuja Krismasi. Bahasha haikutajwa.

Nimefikiri sana juu ya neno. Kijikaratasi cha Kiingereza kinatumia neno la kitoto, lile ambalo mama humwambia mtoto anayejifunza kukaa kwenye chungu, na limechaguliwa kwa makusudi ili lisimtishe mtu. Sisi hatuna neno linalokaa mahali hapo. Kinyesi kinanuka maabara. Haja kubwa ni ya adabu, lakini jaribu kuiweka kwenye maelekezo: "Paka haja kubwa kwenye mifereji ya kijiti." Mavi ni ya mtoto, ya mbuzi, au ya matusi. Linabaki choo, ambalo ni chumba na kilichomo ndani yake kwa pamoja, na ukiwa mkalimani unajikuta unasema "chukua choo, usikiache kiguse maji ya choo" na mzee anakutazama. Binti hakukosa msamiati kwa maana ya kamusi. Alikosa njia ya kulifikisha neno kwa baba yake bila kuvunja kitu njiani.

Mwezi wa Oktoba 2023 ikaja ya nne, na safari hii aliyeiokota mlangoni ni mjukuu.

Wasomaji wanaojua utani wa babu na mjukuu wameshaona kitakachotokea. Kijana alifungua, akasoma, akaenda hadi kwenye kiti cha babu yake, akamwambia, kwa Kiswahili chake kilichokwaruzwa na Kiingereza: "Babu, serikali inataka mavi yako."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Wakayafanyie nini?"

"Wakayapime. Yana thamani hayo, wameshakulipia hadi stempu."

Jikoni mama yake kijana alisimama na sufuria mkononi, kwa jinsi anavyosimulia, hajui aingie amkaripie au atoke nje. Hakufanya lolote kati ya hayo. Babu na mjukuu walikaa nusu saa wakiichambua ile karatasi. Mzee aliuliza maswali ambayo hakuna kijikaratasi kingeyajibu. Hii inapita posta, pamoja na barua za watu? Na najisi yake? Kijana akamwonyesha kwamba kichupa kikishafungwa hakifunguki, kinaingia kwenye bahasha yake, na mikono ataosha kama siku zote, halafu atie udhu. Na nitakikamataje kisiguse maji, mimi na magoti haya? Walitafuta kopo tupu la aiskrimu. "Lakini babu," kijana akasema, "hilo kopo usije ukalirudisha kwenye friji." Sentensi hiyo sasa ni ya familia nzima.

(Pembeni kidogo: Australia, ambako kifurushi kama hiki huletwa na posta kwa watu wa miaka 50 hadi 74, na tangu Julai 2024 wa miaka 45 hadi 49 wanaweza kukiomba, wanataka sampuli mbili za siku tofauti, na ile ya kwanza huambiwa uihifadhi kwenye friji hadi ya pili ipatikane. Mzee ana mpwa wake Perth. Alipoambiwa hivyo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema kila nchi na watu wake.)

Asubuhi iliyofuata kazi ilifanyika. Unafungua kifuniko, unakwangua kwa ncha ya kijiti hadi mifereji yake midogo ijae, wala usijaze kichupa, unarudisha kijiti ndani na kubana hadi kitoe mlio. Mzee alijifungia chooni kwa dakika 20. Kijana alibaki nje akimsomea kupitia mlangoni. Wakatia kwenye bahasha, kijana akaipeleka kwenye sanduku la posta akielekea shule.

Kifurushi kingine kikarudi baada ya wiki mbili. Hawakuandika tarehe ya sampuli kwenye kichupa, na bila tarehe maabara haiwezi kujua ina umri gani, haipimi. Ningekuwa natoa alama, hili ningelipa nafasi kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu watu wengi huachia hapo. Umeshajikaza mara moja, umeshapita aibu yako, kisha unaambiwa uanze upya. Mzee aliachia siku nne. Kilichomrudisha, anasema, ni kijana aliyemuuliza kila siku kwenye meza ya chakula: "Babu, mzigo vipi?"

Barua ya majibu ilisema anahitaji vipimo zaidi. Hivyo ndivyo barua za England zinavyosema. Hazisemi chanya wala hasi, na mimi nawashukuru walioziandika hivyo. Chanya kwa wengi wetu bado ni neno la enzi za UKIMWI, ukimtajia mzee hutaweza kulirudisha mdomoni. Watu kama 2 kati ya 100 wanaorudisha kichupa hupata barua ya namna hii, na wengi wao hawakutwi na saratani. Kipimo hakisemi una ugonjwa. Kinasema imeonekana damu kupita kiwango kilichowekwa, ambacho England wakati huo kilikuwa maikrogramu 120 za himoglobini kwa gramu moja ya kinyesi, na kwamba damu hiyo lazima itafutiwe chanzo kwa kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo. Scotland kiwango chao ni 80. Yaani wakati huo mtu huyohuyo mwenye kichupa kilekile angeweza kuitwa kwa kamera upande mmoja wa mpaka na kuambiwa yuko sawa upande wa pili. Hilo lilitokana na idadi ya kamera na madaktari waliopo, kwani ukishusha kiwango unakamata zaidi na unahitaji vyumba zaidi. Nalitaja kwa sababu mtu akishaambiwa hahitaji vipimo zaidi huenda akadhani amepewa cheti cha uzima. Hajapewa. Akiona damu wiki ijayo aende kwa daktari, barua au bila barua.

Ndipo nikaingia mimi.

Kabla ya kamera kuna mazungumzo na muuguzi aliyebobea kwenye uchunguzi huu. Binti alijitolea kutafsiri, wakamkatalia kwa upole wakaniita. Alikasirika kidogo, na nilimwelewa. Tulikaa wanne kwenye chumba kidogo: muuguzi na kompyuta yake, mzee, binti, mimi. Nikamwamkia mzee, akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi, tukapatana. Muuguzi akasoma kumbukumbu: 2017 haikurudi, 2019 haikurudi, 2021 haikurudi, 2023 imerudi. Binti akatazama sakafu.

Maswali yakaendelea. Dawa za presha, ndiyo. Kisukari, hapana. Dawa za kuyeyusha damu, hapana. Kuna mtu kwenye familia aliyewahi kuugua kansa ya utumbo? Hajui; huko nyuma watu walikuwa wanakufa kwa tumbo tu. Umewahi kuona damu ukienda choo?

"Hapana," alisema mzee, upesi sana.

Nikatafsiri hapana. Simu ya binti ikalia, muda wa maegesho ulikuwa unaisha, akatoka mbio. Mlango ulipofungwa mzee alinigeukia, si muuguzi, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, damu naiona. Mwaka wa pili huu. Kidogo, si kila siku. Nilijua ni bawasiri."

Mkalimani hana mfuko wa siri. Kila kinachosemwa chumbani kinavuka, ndivyo tulivyoapa, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo mapema. Nilikuwa nimemwambia mwanzoni, lakini anayeambiwa hivyo hasikii, anasikia adabu ya utangulizi tu. Nikamjibu: "Mzee wangu, ukishaniambia mimi umeshamwambia na yeye. Naomba umtazame yeye useme tena, nami nitafikisha." Alifikiri. Akasema tena, akimtazama muuguzi. Muuguzi hakushtuka. Aliandika, akauliza rangi ya damu hiyo, akauliza kama kuna kilo zilizopungua, akamshukuru. Binti aliporudi na tiketi yake tulikuwa tumeshafika kwenye chakula cha kabla ya kamera.

Nikiulizwa kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki liko wapi, sitasema droo. Nitasema ile hapana. Bahasha inakwenda kwa mtu asiye na dalili. Huyu alikuwa nazo kwa miaka miwili, na njia yake ilipaswa kuwa ya daktari wa familia, wiki ileile. Hakumwambia daktari kwa sababu kwa daktari alikuwa akienda na binti yake. Alikuwa na mkalimani wa kudumu, wa bure, anayempenda, na mkalimani huyo ndiye aliyekuwa ukuta. Nimewaona mabinti wa namna hii mamia, na ninawaheshimu, na bado nasema: kuna maswali ambayo mtoto anapaswa kuombwa atoke nje kabla hayajaulizwa. Muuguzi alijua hilo pia. Siku ile mita ya maegesho ilimsaidia kazi.

Maandalizi ya kamera nitayapita haraka, kwa kuwa kila aliyeyapitia anayasimulia kwa namna moja. Siku mbili tatu bila nyuzinyuzi: maharage hapana, mchicha hapana, mbegu hapana, wali mweupe sawa. Kisha ile dawa ya kunywa, lita zake, chumvi na limau bandia. Mzee aliiita "bahari ya mchana". Kuanzia saa mbili usiku hakuna mtu mwingine aliyepata choo cha nyumba ile.

Kwenye kitanda alichagua sindano ya kulegeza, ingawa maana yake ni kwamba mtu mzima lazima amrudishe nyumbani na kukaa naye hadi kesho yake. Nilikuwapo hadi sindano ilipoingia. Kamera, mrija mwembamba wenye taa, ilizunguka utumbo mpana wote. Walikuta vijinyama vitatu. Viwili vilikuwa vidogo, vya milimita chache. Cha tatu kilikuwa upande wa kushoto chini, kina kikonyo kama uyoga, milimita 24. Vyote vilikatwa palepale kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mrija uleule na kukazwa kwenye kikonyo. Anayekatwa hasikii, kwa sababu utando ule hauna hisia ya kukatwa. Hatari ipo, ya kutoka damu au kutoboka utumbo, ni nadra, na ilielezwa kabla ya sahihi.

Majibu ya maabara yalikuwa haya: vyote vitatu ni adenoma, yaani vijinyama vinavyoweza kuja kugeuka saratani, na kile kikubwa kilikuwa na seli zilizobadilika kwa daraja la juu. Hilo nilipaswa kulifikisha kwa mzee kwa sentensi moja, nikasema: "Haikuwa saratani bado, ilikuwa njiani, na imeng'olewa pamoja na shina lake." Daktari aliniomba nimrudishie kwa Kiingereza nilichosema. Nilipomrudishia akaitikia kwa kichwa. Kwa mwongozo wa Uingereza, mtu mwenye vijinyama viwili au zaidi na kimoja kikiwa cha daraja hilo hurudiwa kamera baada ya miaka mitatu. Kwa mzee ni mwanzoni mwa 2027.

Je, angekirudisha kichupa cha 2021, ingekuwaje? Huenda kijinyama kingekuwa kidogo zaidi na kisingetoa damu ya kutosha siku ile, naye angepata barua ya kutohitaji vipimo, akatulia, akaendelea kuiita bawasiri. Huenda kingekamatwa. Binti anataka niseme kingekamatwa, ili ajilaumu vizuri. Siwezi kumwambia hivyo, na kinyume chake pia siwezi. Ninachoweza kusema ni kwamba nafasi tatu zilipita kwa sababu tatu zisizofanana, na hakuna hata moja iliyohusu maabara, kichupa au posta yenyewe. Ya kwanza mzee hakujua kwamba mzima ndiye anayeulizwa. Ya pili haikumpata. Ya tatu ilimfikia mtu ambaye hangeweza kuitamka. Ya nne ilifika kwa mtu wa utani.

Nilidhani uchambuzi wangu umekamilika hapo, na nilikuwa nimeshaupanga kichwani: aibu yetu ndiyo adui, na dawa yake ni kuzungumza. Nilisema kitu cha namna hiyo kwa sauti, kwenye ile chai. Mama wa nyumba alikuwa amekaa pembeni muda wote, anakunja nguo. Ana miaka 64. Kiingereza chake alijifunza kwenye usafi wa maofisi, ni kidogo kuliko cha mumewe.

"Mimi huwa narudisha," alisema.

Binti akageuka. "Unarudisha nini, mama?"

"Hicho kichupa. Nimeletewa mara tatu. Mara ya kwanza nilipofika sitini. Nafuata picha."

Tulihesabu: 2019, 2021, 2023. Anwani yake aliibadilisha mwenyewe siku alipokwenda kupima presha, baada tu ya kuhama, na hakujua kwamba ya mumewe hubadilishwa peke yake. Bahasha zake huziokota asubuhi kabla watu hawajaamka, anafanya kazi yake, anatia posta akienda dukani. Mara zote tatu ameandikiwa hahitaji vipimo zaidi; barua hizo alimpa mwanamke mmoja wa kazini akamsomea. Hakumwambia mtu. Alichokipenda kwenye kile kichupa, alisema, ni kwamba hakuna haja ya kumwambia mtu.

"Na baba hukumuuliza kama anarudisha yake?"

Alimaliza kukunja shati kabla ya kujibu. "Nilijua anarudisha. Ningemuulizaje?"